Mzee wa Banda la Pareto

Asubuhi niliyoondoka Nakuru sikuwa na safari. Nilikuwa nimelala katika chumba cha rafiki nyuma ya stesheni, nikaamka kabla yake, nikavaa koti na kutoka kutafuta chai. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka upande wa milima ya Mau, na kule juu, karibu na mbingu, nikaona kiraka cheupe kama shuka iliyoanikwa mlimani. Nikamwuliza mwuza chai kile ni kitu gani.

"Kwani wewe ni karani wa milima?" akasema. "Kunywa chai."

Nikanywa. Kisha badala ya kurudi chumbani nikashika njia ya kupanda, nikaone mwenyewe. Rafiki yangu yule nadhani alingoja nirudi, halafu akaacha kungoja. Wote walionifahamu siku zile walijifunza kuacha kungoja.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya watoto wadogo, ambayo ninyi wenzangu wa kazini mmenistaafisha mwaka huu kwa hotuba na saa ya ukutani. Saa ni nzuri, ingawa mwenye nayo sasa hana mahali pa kuwahi. Mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika juu ya mwanzo, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, kwa sababu karibu yote niliyokuja kuyajua niliyaona pale, na mengine baadaye yalikuja kunikumbusha tu.

Niseme kwanza mimi ni nani. Shule niliiacha nikiwa darasa la tatu. Karo ilikuwepo na mwalimu hakuwa mkali. Shida ilikuwa dirisha, lilitazama barabarani. Nyumbani kwetu Maragoli niliitwa Asava, jina la ndugu mdogo wa babu yangu, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na hakuonekana tena. Kila nilipopotea nikiwa mdogo, mama hakunipiga. Aliwaambia majirani, "Mwacheni. Mwenye jina lake naye hakukaa." Nililisikia neno hilo mara nyingi sana. Nikafika utu uzima nikiamini kwamba miguu yangu si yangu peke yangu.

Basi nilipanda, nikalala njiani, nikapita Sachangwan kwenye baridi inayouma masikio, na kule juu nikakuta kwamba shuka ile nyeupe ni maua. Pareto, mashamba na mashamba, maua madogo meupe yenye kitovu cha manjano, na wanawake wameinama katikati wakiyachuma vichwa kwa vidole na kuyatia vikapuni. Nilisimama nikatazama mpaka nyapara akanijia.

"Unataka kazi au umepotea?"

"Vyote viwili," nikasema.

Akacheka, akaniuliza kabila, akatazama kipande changu, kitambulisho cha wakati ule, pande zote mbili kama mtu anayekagua noti, akanipa kazi ya moto. Pareto hukaushwa. Palikuwa na banda refu la mabati lenye tanuri chini na trei za wavu juu, na kazi yangu ilikuwa kulisha tanuri kuni, moto usizidi wala usipungue. Ukizidi, maua huungua na dawa iliyomo huisha. Ukipungua, huoza. Hakuna aliyenipa kipimo. Unaweka kiganja kwenye ukuta wa bati na kuhesabu pumzi zako. Ukiweza kuvumilia pumzi chache bila kuondoa mkono, ni sawa.

Watoto hawakuwa katika kazi yangu. Walikuja wenyewe kwa sababu ya joto. Mama zao waliingia shambani umande ukiwa bado mzito, wachanga mgongoni, na wale wa miaka mitatu, minne, mitano, waliachwa kibandani na mwanamke mmoja mzee ambaye kiuno chake kilikuwa kimekataa kuinama. Aliitwa Gathoni. Kibanda chake kilipitisha upepo kama kapu, kwa hiyo asubuhi ya kwanza aliwaswaga watoto wote mpaka ukutani kwa tanuri langu, wakaegemea bati kwa migongo, mstari mzima, macho yamefumbwa kwa raha.

"Mjaluo, moto wako mzuri," akaniambia.

"Mimi si Mjaluo, mama. Ni Mluhya."

"Moto ni ule ule."

Banda lile lilikuwa na jambo moja la ajabu. Pareto huua wadudu, na vumbi lake lilijaa kila pembe, kwa hiyo hapakuwa na nzi, kiroboto wala chawa. Nzi aliyeingia kwa bahati mbaya alizunguka, akalewa, akaanguka. Watoto waliwaokota wale nzi na kuwazika. Walichimba makaburi madogo ya mstari nje ya mlango, wakasimama wamenyamaza, halafu mmoja akatoa amri kama askari na wote wakatawanyika wakijificha. Mara ya kwanza nilicheka. Gathoni hakucheka.

"Hawachezi hao," akasema. "Wanaeleza."

Nilimwuliza maana yake na hakunijibu siku hiyo. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo hauna dresa wa kuutibu. Nikawa nikimaliza kupanga kuni nasogea karibu naye. Wengi wa watoto wale baba zao walikuwa wamechukuliwa kwenda vizuizini. Wengine waliona nyumba zao zikibomolewa, wengine waliamshwa kwa mateke ya mlango. Na bado palikuwa na watoto wawili wa nyumba moja, walioona mambo yale yale kwa macho yale yale, na mmoja alicheka mchana kutwa, mwingine aliruka kila kuni ilipopasuka motoni. Hilo lilinishangaza, na halijaacha kunishangaza. Niliamua sitaondoka mpaka nijue sababu. Kwangu mimi uamuzi wa kutoondoka ulikuwa kitu kipya, kama kuvaa viatu.

Gathoni alinifundisha kazi bila kusema kwamba ananifundisha. Jambo la kwanza lilikuwa kibao. Mimi ni mrefu. Alinitazama nikiongea na mtoto kutoka juu, akasema, "Utaongea na hawa watoto ukiwa mbinguni mpaka lini?" Nikachonga kibao cha kukalia, kifupi kiasi kwamba magoti yalinifikia kidevuni, na nikikalia kile macho yangu yalikuwa chini kidogo ya macho ya mtoto wa miaka minne. Wanawake wa shamba waliponiona hivyo walikaribia kuangusha vikapu. "Yaya!" wakaniita. "Yaya wa kiume! Utanyonyesha lini?" Niliwajibu kwamba nangoja maziwa yateremke.

La pili lilikuwa neno. Mtoto akilia, sisi sote husema nyamaza. Gathoni alisema, "Maliza." Alimshika mtoto bega na kumwambia maliza, taratibu, kama unavyomwambia mtu anayekula. Na mtoto alilia mpaka mwisho, akajifuta, akaenda zake. Nimelitumia neno hilo tangu siku zile, na ninyi mnajua nimewasumbua nalo.

La tatu lilikuwa msichana aliyeitwa Mkosi. Alizaliwa usiku nyumba yao ilipoungua, na nyumbani walimwita hivyo, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa mazoea. Kila alichoshika kilianguka. Watoto wenzake hawakutaka awaguse wakiruka kamba. Gathoni alikuwa na taa moja ya kandili, na kioo cha taa ile ndicho kitu pekee chembamba kilichokuwa katika banda zima. Siku moja alikivua, akampa Mkosi, akamwambia akipeleke mwisho wa banda akakipanguse na kukirudisha. Msichana alitembea kama amebeba yai la ndege asiyejulikana, akafika, akapangusa kwa gauni lake, akarudi nacho. Gathoni akakipokea kana kwamba ni jambo la kila siku, na kwa kweli akalifanya la kila siku. Kioo hakikuvunjika. Baada ya muda watoto wenyewe walianza kumwita Taa. Mama yake alipinga kidogo, kisha naye akazoea. Mazoea huingia kwa mlango wowote.

Nafika sasa kwa mzee.

Mzee huyu alikuwa na umri wa miaka mitano hivi, na jina lake Karanja. Mama yake, Wanjiru, alikuwa mchumaji, mwanamke mwembamba asiyeongea sana, ambaye mume wake alikuwa amechukuliwa miezi mingi kabla. Mtoto wao wa kwanza wa kiume alikuwa kwa nyanya yake upande wa baba. Karanja ndiye aliyebaki. Na desturi ya Wakikuyu ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume, na wa pili jina la baba wa mke. Kwa hiyo Karanja alikuwa amechukua jina la baba mzazi wa Wanjiru, mzee aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Kwao hilo si ukumbusho tu. Mzee amerudi. Ndiyo maana Wanjiru alimwita mtoto wake "baba," naye aliitika.

Sikuwa nimeona kitu kama kile. Mtoto wa miaka mitano alitembea mikono imefungwa nyuma. Alipokaa, alikaa polepole, kama mwenye magoti mabovu. Jioni Wanjiru alipotoka shambani alimkuta mlangoni, na yeye ndiye aliyemwuliza, "Umechoka, mtoto wangu?" Na mama alijibu, "Nimechoka, baba," na uso wake ukalegea. Katika yote yaliyompata mwanamke yule, palikuwa na baba anayemngoja jioni.

Wachumaji walimpenda sana. Walimsalimu kwa heshima zote. Walimpelekea kesi zao kwa mzaha: huyu amechukua kikapu changu, mzee, tuamue. Naye aliamua. "Wewe rudisha. Na wewe acha kelele." Walicheka mpaka machozi, wakatii. Na walimsifu hasa kwa jambo moja, kwamba halii. Honi ya lori ilipolia watoto wengine wakajificha, Karanja alisimama. Alipokatwa na kibati akashonwa, alitazama sindano. "Mwone mzee," wanawake walisema. "Yeye halii. Hawa wenu wajifunze." Mimi pia nilimstaajabia. Nilidhani nimepata jibu la swali langu: mtoto anayejua yeye ni nani hatikisiki.

Gathoni peke yake hakumsifu; alikuwa akimtazama tu.

Asubuhi moja lori lilikuja na halikuja kwa ajili ya pareto. Askari walishuka, wanawake wakapangwa mstari kando ya miti ya saipresi, na baadhi yao wakachaguliwa kwenda kuchujwa, yaani kuhojiwa kama wamekula viapo vya wapiganaji. Wanjiru alikuwa mmoja. Hakuna aliyejua anapelekwa wapi hasa wala atarudi lini. Kabla ya kupanda aliomba ruhusa, akaja mpaka mlangoni kwa banda.

"Baba, nakwenda. Kaa na Gathoni."

Karanja alifunga mikono nyuma. "Nenda. Usichelewe."

Askari mmoja, kijana, aligeuza uso wake pembeni.

Lori likaondoka. Watoto walilia, wanawake walilia, hata nyapara alipenga kamasi kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Karanja alikwenda akasimama chini ya saipresi penye kona ya barabara, na hapo akabaki. Nilimpelekea uji. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaushikilia mpaka ukapoa, halafu akampa mtoto mdogo aliyekuwa anapita.

"Kwa nini hunywi, mzee?"

"Mtoto wangu hajala."

Jioni hakula. Siku iliyofuata hakula. Alikubali maji, kidogo. Alisimama pale pale saipresini, na wanawake wakipita walisema, kwa sauti iliyoanza kutetemeka sasa, "Mzee, kaza moyo." Naye alikaza. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho Gathoni alikuwa akikitazama muda wote. Tulikuwa tumemsifu mtoto mpaka tukamfungia mlango. Kila aliyemsifu kwa kutolia alikuwa ameweka jiwe moja, na sasa alikuwa ndani ya ukuta mzuri kabisa, na chakula hakipiti.

Siku ya tatu magoti yale aliyokuwa akiyaiga yakawa mabovu kweli. Alianguka. Nilimbeba mpaka bandani, na nilishangaa jinsi mzee alivyo mwepesi. Dresa wa shamba, mtu mwema, alimpima tumbo, akamtazama macho na ulimi. "Hana ugonjwa ninaoujua," akasema. "Lakini asipokula, mwili utapata wa kwake. Mfanyeni ale leo."

Wanawake walijaribu. Walimbembeleza, wakamtania, mmoja akatishia kumtia uji mdomoni kwa nguvu. Alifunga mdomo na kuwatazama kwa huruma, kama mzee anayetazama watoto wakikosa adabu.

Nilimvuta Gathoni pembeni. "Mama, mwambie ukweli. Mwambie yeye ni mtoto tu. Atakula."

"Na nikimvua hilo jina leo abaki na nini?" akaniuliza. "Baba hayupo. Mama hayupo. Amebaki na huyo mzee peke yake. Unataka nimfukuze naye?"

Nilimgeukia Karanja, mdomo wake bado umefungwa.

"Mzee hatuwezi kumwondoa," akasema. "Tutamtafutia mkubwa wake."

"Mkubwa wa mzee ni nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanateremka upande gani. "Mama yake."

Kisha akanieleza, na nilimfuata polepole. Desturi ile ile ya majina inakwenda na kwa wasichana: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Wanjiru alikuwa binti wa kwanza wa mzee Karanja. Basi yule mzee alipompa binti yake jina la Wanjiru, alikuwa anamwita mama yake mwenyewe. Mama wa mzee Karanja aliitwa Wanjiru.

"Lakini Wanjiru amechukuliwa na lori," nikasema.

"Akina Wanjiru ni wengi. Majina yetu ni machache, tunaazimana." Akageuka, akaita, "Shiru!"

Shiru alikuwa msichana wa miaka sita, binti wa mchumaji mwingine. Alikuwa na kamasi za kudumu, mdogo wake amefungwa mgongoni mchana kutwa, na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alikuja.

"Jina lako lote ni nani?" Gathoni akamwuliza, ingawa alilijua.

"Wanjiru."

"Basi mtoto wako yuko pale. Hajala tangu juzi."

Mtu mzima angeuliza maswali. Shiru alimtazama Karanja, akamtazama Gathoni, akafuta pua kwa mkono, akachukua kikombe cha uji. Alimwendea akasimama mbele yake, mtoto mgongoni, mkono kiunoni.

"Karanja!"

"Naam."

"Mimi ni mama yako. Wanjiru."

Karanja alifikiri. "Mama yangu amekwenda na lori."

"Huyo ni wa sasa. Mimi ni wa zamani. Mama yako wa uzee."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye bati la tanuri na nikasahau kukiondoa. Alama yake nilikaa nayo wiki nzima.

"Kwa nini hujala?" Shiru akauliza.

"Namngoja mtoto wangu."

"Na mimi namngoja wangu. Nimengoja mpaka mgongo unauma. Unadhani nitakula lini? Kunywa!"

Akapokea kikombe. Akanywa mara moja, akasimama, akaangalia.

"Yote!"

Akanywa yote. Shiru alichungulia ndani ya kikombe kuhakikisha, akakigeuza, akakipiga chini. Mimi nilidhani mambo yamekwisha, na nilikuwa tayari kumshukuru Mungu. Lakini msichana hakuondoka. Alikuwa anamtazama usoni kwa makini, kama mtu anayetazama chungu kinachotaka kufurika.

"Sasa lia," akasema.

"Mzee halii."

"Mbele ya mama yake analia. Nani alikuambia halii?"

Midomo ya Karanja ilianza kucheza. Alijaribu kufunga mikono nyuma, na mikono ikakataa. Kisha kikatoka kilio ambacho sijakisikia tena, kirefu, cha chini, kilio kilichokuwa kimewekwa akiba tangu baba yake alipochukuliwa. Alimshika Shiru gauni. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kusema nyamaza, nyamaza, baba, kwa mazoea, na Shiru akawageukia.

"Mwacheni amalize!"

Akamaliza. Akalala papo hapo ukutani kwa tanuri, na nililisha moto ule kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyowahi kuulisha kwa ajili ya maua.

Nimefanya kazi na watoto miaka mingi baada ya hapo. Nimehudhuria semina, nimesikia watu wenye elimu wakieleza vizuri kwamba mtoto anahitaji kujiamini, na kwamba shida za nyumbani humpiga, na ni kweli yote. Lakini kila wanapoeleza, mimi namwona Shiru na mkono wake kiunoni. Kujiamini kulimsimamisha Karanja, na kule kule kujiamini kulikuwa kunamuua. Hakikumwokoa kingine ila kupata mtu ambaye mbele yake angeweza kuwa mdogo. Na msichana wa miaka sita alilijua hilo bila kufundishwa, akalifanya, akaenda kucheza. Mpaka leo sijui alilijuaje. Nikifikiria sana nahisi kama niko kwenye barabara ile tena, natazama kitu cheupe mlimani.

Karanja hakuacha kuwa mzee. Kila asubuhi alikwenda saipresini, akatazama barabara mikono nyuma, akarudi akanywa uji. Kisha akacheza. Alicheza vibaya mwanzoni, kama mtu mzima anayejilazimisha, halafu vizuri, halafu kupita kiasi, na kesi za wachumaji zikaanza kucheleweshwa kwa sababu hakimu yuko juu ya mti. Wanawake waliacha kumsifu kwa kutolia. Gathoni alikuwa amepita kwa kila mmoja kuwaambia, na Gathoni akipita kwako unakumbuka.

Wanjiru alirudi baada ya wiki kadhaa. Alishuka kwenye lori la kuni akiwa amekonda, shuka kichwani, akitembea kama ardhi inasogea. Karanja alikuwa anaruka kamba na wenzake. Alimwona. Kamba ikaanguka.

"Baba," Wanjiru akaita, kwa sauti ndogo.

Mtoto akafunga mikono nyuma, akaanza kutembea ule mwendo wa kizee, hatua moja, hatua nyingine. Akasimama katikati. Akageuka kumtazama Shiru. Shiru alifanya ishara kwa kidevu, ile ya kufukuza kuku, akasema, "Kimbia wewe!"

Akakimbia. Na alipofika, aliita "Mama!", neno nililokuwa sijawahi kumsikia akimwita. Wanjiru alipiga magoti kwenye vumbi. Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamtazama sana.

"Baba yangu aliniita hivyo hivyo," akasema. "Kila siku. Mpaka alipokufa."

Nilirudi kwenye tanuri. Moto ulikuwa haunihitaji, lakini nilirudi.

Niliondoka shambani maua yalipokwisha msimu ule. Gathoni hakuuliza kwa nini. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Rongai kuna mashamba ya mahindi ambako watoto wanaachwa peke yao mchana kutwa, akaniambia hivyo wakati tunakunywa chai, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. "Chukua kibao chako," akasema. Hiyo ndiyo barua ya kazi pekee niliyowahi kupewa, na nimeitumia kuliko zote zilizofuata.

Nilifika Rongai jioni, mvua inanyesha, kibao kimefunikwa kwa koti na mimi sijafunikwa. Nilibisha katika nyumba ya kwanza iliyokuwa na moshi. Mwenyeji alikuwa mama wa Kitugen, mfanyakazi wa shamba, mume wake yuko safarini na ng'ombe. Nilimwomba mahali pa kulala. Alinitazama, akatazama mvua, akasema ghala lina kona kavu na magunia, nilale huko, na kwanza niingie niote moto.

Mlangoni alisimama binti yake, wa miaka minne hivi, Chebet. Hakunipisha.

"Unaitwa nani?"

"Asava."

"Ni jina la nani?"

Kwao nako mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia, kwa hiyo kwake lilikuwa swali la kawaida, kama kuuliza umetoka wapi. Lakini katika kutembea kwangu kote, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikainama mpaka nikamfikia macho.

"La babu yangu mmoja. Alikwenda vitani kubeba mizigo. Hakurudi."

"Alipotea?"

"Alipotea."

Chebet alifikiri. Alinitazama viatu, akatazama maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye koti, akasogea kando na kuacha mlango wazi.

"Basi mwambie amefika," akasema.

Mama yake alimkemea kwa utovu wa adabu. Mimi niliingia, nikaweka kibao karibu na moto, nikaketi.